Rumu ya Willis

Tangu saa saba mchana Mzee Masinde alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki koridoni, ghorofa ya sita, mtaa wa Pipeline, Nairobi. Kufikia saa kumi na moja jioni alikuwa bado hajavuka kizingiti cha mwanawe. Mlango ulikuwa wazi, pazia tu ndilo lililomtenga na Muhonja, mkaza mwanawe. Kwao Kimilili, mzee na mke wa mwanawe hawapeani mikono, na kulala chini ya paa moja ni jambo ambalo hata mlevi halithubutu. Sasa figo zilikuwa zimemchoka, daktari alimtaka kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, na hapa mjini mwanawe Wabwire alikuwa na rumu moja tu.

Jirani, Kalekye, akapita na beseni la nguo. "Mzee, wameshakuandika soja wa hii ghorofa? Basi nichungie na hizi zangu."

"Soja hunywa chai kwanza," Masinde akajibu, na Kalekye akaenda zake akicheka.

Neno rumu alilijua kabla ya kujua kuandika jina lake. Alihangaikia kazi Nakuru, akahangaika Voi, akaja Nairobi, na kote alikopita swali la kwanza la watu lilikuwa hilo: umepata rumu? Wengine husema chumba, vijana wa siku hizi husema keja. Kwake yeye ilikuwa rumu tu: kuta nne, balbu moja, kufuli.

"Baba, umesinzia?" Muhonja aliuliza kutoka ndani, kisu kikikata sukuma wiki.

"Niko macho, mwalimu."

"Juzi nilifundisha darasa la sita lile neno rumu. Nikalitafuta kwenye kamusi kubwa ya Kiingereza ya shule. Kumbe zamani halikuwa na kuta."

"Neno nalo hujengwa?"

"Hili lilijengewa baadaye. Waingereza wa kale wakisema rumu walimaanisha uwazi tu, mahali pa mtu kutosha. Iwe shambani, iwe popote. Mambo ya kuta na mlango yalikuja mamia ya miaka mbele. Na hata leo, mtu akikusogezea nafasi kwenye benchi upate kukaa, wao husema amekupa rumu."

"Unanizungusha wapi, binti wa Maragoli?"

"Sikuzungushi, Baba. Nasema tu kabati nimelisogeza."

Masinde alikuwa amelisikia likiburutwa. Akataka kucheka, ila akakumbuka. Yeye mwenyewe aliwahi kulitumia neno hilo, na hakulitumia kumsogezea mtu.

Ilikuwa mtaa wa Mbotela, hapa hapa Nairobi, kwenye rumu yao moja, Agosti ya tohara. Willis, kifungua mimba wake, alirudi kutoka Kimilili akiwa ametahiriwa, na mwanamume aliyetahiriwa halali anapolala mamake. Kimilili angejenga simba yake, kijumba cha kijana, pale pale uani. Mbotela uani palikuwa na bomba la maji na kamba za nguo za watu. Masinde alimkunjia blanketi, akamwambia, "Umekuwa mwanamume. Hapa hapana rumu yako tena." Mtoto akaenda kulala na wenzake kwenye stoo ya mbao karibu na Jogoo Road. Baada ya miezi minane koroboi ilianguka, stoo ikashika moto, Willis hakutoka. Nasike, mamake, hakumlaumu mumewe hata siku moja. Ila nyuma ya pazia, kwenye godoro walilokuwa wakilalia watoto, upande wa Willis hakuruhusu kitu kuwekwa, hata nguo iliyokunjwa, mpaka walipohama.

Wabwire alipanda ngazi akitoka kiwandani, nyusi nyeupe kwa unga wa mahindi.

"Mzee. Bado uko hapa?"

"Niulizie mtu wa kanisa anipe pa kulala."

"Pazia lipo. Wewe nyuma ya kabati, mimi katikati, Muhonja na mtoto upande ule."

"Na paa ni ngapi?"

Wabwire alijifuta unga usoni. Akachuchumaa kando ya kiti.

"Ndugu yako nilimtoa kwa sheria hii," Masinde alisema polepole. "Leo nikiingia kwa kuwa naumwa, itakuwaje? Sheria ilikuwa ya Willis peke yake? Nikiingia nitakuwa nilimtoa bure."

Ndani, kisu kikanyamaza.

"Baba," Wabwire akasema, "kuna jambo Mama alinikataza kukwambia. Sasa yeye ametangulia, nami nimechoka kulibeba. Siku ile ya moto, jioni, Willis alikuja. Wewe ulikuwa zamu. Mvua ilikuwa imemlowesha mpaka anatetemeka. Mama akamwambia, ingia, mwanangu, upande wako bado upo. Akasimama mlangoni hivi, akasema, 'Baba alisema.' Mama alimvuta mkono. Akarudia, 'Baba alisema.' Akaenda. Nilikuwa na miaka tisa, nilimtazama mpaka akakata kona."

Masinde alitazama mikono yake, kama mtu aliyeachiwa mzigo na hajui aushike wapi.

"Alikuja," akasema.

"Alikuja. Alikuwa akingoja neno lako, si la Mama. Sasa mwenye nyumba hii ni mimi, na mimi nasema uingie. Usinitume nikakutafutie kwa watu. Nimeshamtazama mmoja akienda."

Mzee aliutazama mwanga wa mwisho ukitoka koridoni. Kisha akainama, akavua viatu, kimoja kimoja.

"Mwambie mwalimu ageuke."

Muhonja alikuwa ameshageuka. Alikuwa amejitanda leso kichwani, uso kwenye jiko, mgongo kwa mlango. Masinde akapita akiangalia sakafu, viatu mkononi, mpaka nyuma ya kabati, mahali walipotandika godoro na blanketi jipya.

"Nilimtoa bure," akaliambia dirisha.

Sukuma ilikuwa ikikaangwa, mtoto akiuliza babu amekuja lini. Masinde akalala, akasogea ukutani, akazidi kusogea mpaka bega likagusa ubaridi wa saruji. Nusu ya godoro ikabaki tupu, naye akaiacha hivyo.