Ala ya Mkono wa Kushoto

Tangu Jumanne, shangazi Verlie alipopiga simu kuomba apelekwe kununua bastola, Darla hakuwa na amani. Ajuza wa miaka sabini na mitatu, aliyeishi miaka yote katika vilima vya Arkansas bila kugusa silaha, ambaye marehemu mumewe alilazimika kuficha bunduki yake ya kuwindia bandani ili apate chakula cha jioni, leo anataka bastola ya kubeba mkobani? Kuna namna hapa. Darla alikubali kwa sababu tu akikataa yeye, shangazi angempata dereva mwingine asiye na maswali.

Wasiwasi wake ulikuwa na jina, nalo ni Dalton. Mjukuu huyo wa Verlie alitoka gerezani mwezi wa tatu, alikofungwa kwa kuvamia duka, akahamia kwa bibi yake. Mtu wa hivyo sheria haimruhusu kumiliki hata risasi moja, na anayemnunulia kwa siri hufungwa naye, mvi zisimsaidie. Darla alimpenda shangazi yake, lakini kwa siku nne alimwona kama mtu anayetaka kumtumia.

Jumamosi asubuhi dukani kwa Purvis, muuza silaha, wazee walikuwa wamekaa karibu na mlango na vikombe vyao vya kahawa, wakibishana kuhusu kulungu. Purvis, miwani juu ya paji la uso, alitandika kitambaa kaunta akaweka juu yake bastola ndogo, tupu, mdomo ukielekea ukutani.

"Bi Verlie, hii ya risasi tano ndiyo saizi yako. Haina mambo mengi. Unashika, unavuta triga, basi."

Shangazi hakuitazama hata. "Nataka ile." Alionyesha moja nyeusi, pana, ya risasi kumi na saba.

"Ile? Ile wananunua askari, mama."

"Kwani analipa nani, Purvis?"

Wazee wa kahawa wakacheka. Purvis akaitoa, akaikagua kama i tupu, akampa. "Haya, vuta hicho chuma cha juu kije nyuma. Bila hivyo risasi haiingii."

Vidole vya shangazi vilikuwa vimepindwa na ugonjwa wa viungo. Alivuta, akavuta tena akiwa ameuma meno, chuma kisisogee.

"Shangazi, mwizi akija utamwomba akusaidie kuvuta?" Darla akauliza.

"Nitazoea."

"Utazoea lini, ukifika mia?"

"Darla, nilikuomba gari, sikukuomba mdomo." Kisha akamgeukia Purvis. "Na ala yake ya kuvaa kiunoni. Ya mkono wa kushoto."

Darla akageuka kumtazama. Shangazi alikula kwa mkono wa kulia, alishona kwa kulia, na makofi ya utotoni aliyompiga Darla yalitoka kulia vilevile. Katika ukoo mzima aliyetumia kushoto alikuwa mmoja tu, Dalton. Akachungulia mkoba uliokuwa wazi kaunta, akaona kikaratasi chenye jina la bastola ile, kimeandikwa kwa herufi kubwa zilizolalia nyuma, kama za mtu wa kushoto. Hasira ikampanda.

Purvis alileta fomu. Wateja wengine aliwaachia wasome wenyewe, ila wazee aliwasomea. "Swali la kwanza hili, Bi Verlie. Bastola hii unajinunulia wewe mwenyewe? Ukidanganya hapa ni jela, na mimi duka limefungwa. Sitanii."

Kalamu ikagusa karatasi, ikasimama.

"Andika ukweli, shangazi," Darla akasema kwa ukali.

Verlie akaiweka kalamu chini na kuisogeza ile bastola nyeusi pembeni. Akaigusa ile ndogo kwa kidole kimoja.

"Na hii, Purvis," akauliza kwa sauti ya chini, "inaweza kumzuia mtu wa futi sita? Akiwa jikoni, karibu hivi?"

Purvis akashusha miwani, akaitazama ala ya mkono wa kushoto iliyokuwa kaunta, akamtazama shangazi.

"Dalton amekwambia nini, mama?"

"Amesema nisirudi bila ile kubwa."

Purvis akazirudisha bastola zote mbili kabatini na kufunga kwa ufunguo. "Leo sikuuzii hata risasi. Namwita sherifu na polisi wake, mwende nao nyumbani." Akachukua simu.

"Nimemwacha mbwa wangu naye huko nyumbani," shangazi akasema. Darla akatambua kwamba shangazi alikuwa na hofu tangu walipotoka nyumbani. Yeye aliidhania kuwa hila. Kwa aibu akaishika mikono yake iliyopinda.

"Mbwa tutamchukua. Wewe hulali kule tena. Nilijua ni Dalton, shangazi. Nilijua tangu Jumanne."

Shangazi akainua macho. Hakuwa na hasira, ila mshangao wa mtu aliyechoka.

"Tangu Jumanne?" akasema. "Sasa mbona hukuniuliza?"