Sekunde Zilizokatwa

Kiwandani walimwita Bi Sekunde, na wala hakununa. Kwa miezi minane alikuwa akiingia kwenye ukumbi wa mashine za makopo na kinasa sauti mkononi, kurekodi watu wawili wakizungumza Kijapani: mhandisi aliyetoka Japani na fundi wa mikanda, ambaye Kijapani alifundishwa na Bi Sekunde mwenyewe katika darasa la jioni. Maneno yao hakuwa na shida nayo. Alichokitaka ni kimya chao. Fundi akiuliza jambo, mhandisi hunyamaza kwanza, sekunde nne, tano, siku nyingine nane, ndipo ajibu. Utafiti mzima wa shahada yake ya uzamili ulikalia kimya hicho. Sura ya pili, kurasa arobaini kamili, ilieleza kwa madaha kwamba Mjapani hunyamaza kwa sababu amelelewa kuupa ukimya nafasi yake, na kwamba wanafunzi wetu hawana budi kuuzoea.

Alijiamini, huyo. Wako watu wanaojiamini kwa kuwa hawajui, na wako wanaojiamini kwa kuwa wamesoma. Yeye alikuwa wa kundi la pili, na hao ndio wagumu kushaurika. Ijumaa angeutetea utafiti wake mbele ya profesa mgeni, mama wa Kijapani asiye na mzaha, na akishindwa, jina lake linatoka kwenye orodha ya wanaoendelea na masomo. Hakulipotezea usingizi hilo. Alikuwa na rekodi ishirini, na rekodi hazisemi uongo.

Tatizo lilikuwa ngurumo za mashine. Akampelekea wifi yake kadi ya kinasa sauti yenye rekodi zote ili azipunguze ngurumo hizo. Wifi alikuwa mhariri wa sauti redioni, na katika kazi yake hakuwa na mpinzani. Angeweza kuchukua hotuba ya kiongozi mwenye kikohozi na kigugumizi akaitoa imenyooka kama uzi. Bi Sekunde hakubaki na nakala nyingine. Mtu anayejiamini nakala ya nini?

Jumatatu asubuhi wifi akaja na kadi yake, uso unang'aa.

"Wifi yangu, utanishukuru wewe mpaka uchoke," alisema, akivuta kiti. "Ngurumo zimekwisha. Na yale mashimo yote nimeyaziba."

"Mashimo gani?"

"Si yale wanayokaa kimya kama wamefiwa? Nimeyakata yote. Sasa wanaongea vizuri, huyu akimaliza huyu anadaka."

Bi Sekunde alivaa visikizi. Kweli, walikuwa wanadakana. Fundi anauliza, mhandisi anajibu papo hapo, fundi anauliza tena, utadhani ni mashabiki wawili wanabishania penalti. Alijaribu rekodi ya saba, ya kumi na mbili, ya mwisho. Hapakuwa na sekunde moja ya kupumua.

"Za mwanzo ziko wapi?"

"Nimehifadhi hizi juu yake. Kadi ilikuwa imejaa." Wifi aliutazama uso wa mwenzake, na tabasamu lake likafifia taratibu. "Nimekosea nini? Redioni kimya ni msiba. Dakika moja tu ya kimya, mkuu wa vipindi anakuja mbio."

Bi Sekunde alieleza. Hakupaza sauti, maana kosa hata yeye aliliona lilipo: yeye ndiye aliyempa wifi kazi, na hakumwambia anachokitafuta. Wifi alisikiliza huku akijikuna kiwiko, kisha akasogeza kiti karibu.

"Basi sikiliza. Daftari lako lina hesabu za sekunde, si ndiyo? Nitaje tu, hapa nne, hapa sita, nami navirudisha vimya vyote kabla jua halijazama. Hata huyo profesa hatajua."

Nisiseme uongo: Bi Sekunde alilifikiria. Alilifikiria kwa muda ambao yeye mwenyewe angeupima na kuuandika. Daftari lilikuwa na wastani wa sekunde kwa kila rekodi, lakini halikuonyesha kimya kilikaa wapi. Angelazimika kuvipanga yeye, na alijua angevipanga pale sura ya pili inapovitaka. Alikasirika kwa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa rahisi.

"Hapana, wifi. Nikivitia mimi, nitakuwa nimetafiti kichwa changu."

"Sasa Ijumaa utampelekea nini?"

Hapo akakumbuka kwamba wenye kimya chao wako hai, na wako kiwandani.

Kesho yake aliwakalisha mhandisi na fundi katika chumba cha mapumziko, kati yao spika ndogo juu ya meza. Aliwaambia ukweli, kwamba rekodi zimekatwa. Akawaomba wazisikilize, na kila atakayeona kuna kitu kimetoka ainue mkono. Moyoni alishajua mambo yatakavyokwenda. Mhandisi ndiye mwenye kimya, mhandisi ndiye atakayekitafuta.

Mhandisi alisikiliza rekodi tatu akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Sawa kabisa," alisema. "Hivi ndivyo tulivyozungumza."

Fundi alikuwa ameinua mkono mara kumi na moja.

"Hapa," alisema, na Bi Sekunde akarudisha nyuma. "Hapa nilimuuliza kama mkanda nimeukaza vya kutosha. Akanyamaza. Nikajisemea, leo kazi sina." Akasikiliza tena. "Na hapa. Nilimwambia kifaa kimechelewa, akanyamaza mpaka nikasahau nilichosema. Siku hiyo nyumbani sikula."

Fundi huyu alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mikono yake ilifungua mashine bila kutetemeka, na kumbe katika rekodi tatu tu alikuwa amefukuzwa kazi mara kumi na moja moyoni mwake. Mhandisi alivua miwani.

"Kwa nini hukuniuliza ninanyamazia nini?"

"Mwalimu alitukataza." Fundi alisema hivyo bila kinyongo, akimwelekea Bi Sekunde kwa kidevu. "Alisema Mjapani akinyamaza usimguse, ni utamaduni wake. Tukaandika kwenye madaftari."

Bi Sekunde aliona uso ukimwaka moto. Ni kweli aliwaandikisha, tena kwa wino mwekundu.

Mhandisi aliifuta miwani kwa muda, kisha akaongea polepole, kwa Kijapani ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekifuata.

"Mimi nyumbani mke wangu ananiita redio. Anasema sinyamazi hata mtu anywe maji. Hapa nanyamaza kwa sababu ya bwana fundi. Jibu linanijia kwa maneno magumu ya kiwandani kwetu. Nalitupa, natafuta jingine. Nalitupa tena. Mpaka nipate neno ambalo yeye amekwisha kulisoma." Alivaa miwani. "Nilidhani namrahisishia."

Fundi aliinamia meza, akizuia kicheko. Bi Sekunde naye alikuwa na aibu, tena aibu kubwa, lakini chini yake kulikuwa na furaha ambayo hakuweza kuizuia. Kurasa arobaini zilikuwa zimekufa, na hapo mezani kulikuwa na kitu bora kuliko zote arobaini. Alirudi nyumbani akaandika Jumatano yote na Alhamisi yote, wifi akimletea chakula na kuondoka bila neno.

Ijumaa alisimama mbele ya profesa akasema yote kama yalivyo: rekodi zilikatwa, na nani alizikata, na kwamba wifi asingezikata, yeye asingewauliza kitu wenye kimya.

"Sura ya pili umeifanya nini?" profesa aliuliza.

"Nimeitoa."

"Yote?"

"Yote. Mahali pake nimeweka ukurasa mmoja. Unaeleza nilivyokosea, na nilivyomfundisha fundi kuogopa."

Profesa alifungua ukurasa huo akausoma mara mbili. "Miezi minane umempima mtu mmoja ukadhani umepima nchi," alisema. "Wengi hufanya hivyo, na hawatoi hata ukurasa." Akampa miezi sita arekodi upya, na jina lake likabaki kwenye orodha.

Jumatatu alikuwa kiwandani na kinasa sauti, kadi mpya, na nakala mbili. Mkanda wa tatu ulikuwa ukivuta upande. Fundi aliuliza chanzo ni nini. Mhandisi akafungua mdomo, akaufunga, akatazama dari. Sekunde mbili. Tatu. Bi Sekunde alijizuia asitazame saa.

"Mhandisi," fundi alisema kwa Kijapani, akimpa mgongo, huku analegeza nati. "Sema tu hilo gumu. Nisipolijua nitakuuliza."