Mpaka Rangi Ikauke

Ijumaa baada ya swala, Nermin alisimama katikati ya sebule tupu, amefumba jicho moja, akitazama viraka vitano vya rangi ukutani. Fundi Girgis alikuwa amevipaka jana yake asubuhi, kila kimoja na upana wa sinia: samli, sukari, biskuti, kahawa ya maziwa, na kimoja kilichoandikwa "mchanga" kwenye kopo lakini mama yake Nermin alikiita rangi ya mgonjwa wa ini. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, nyuma ya stesheni ya Tanta, na treni ya Iskandaria ilipopita vioo vya madirisha vililia kidogo. Nermin aliuza miwani katika duka moja la karibu na sokoni, na aliyaamini macho yake. Hata hivyo aligusa kiraka cha samli kwa kidole. Kidole kilirudi na samli.

"Bado mbichi," alisema.

"Rangi za joto ndivyo zilivyo, bibi harusi," alijibu Fundi Girgis, akipuliza chai yake. "Nyeupe ni kama askari, ukiiambia kauka inakauka. Hizi zina madaha. Zipe nafasi."

Zilipewa nafasi. Wiki ikapita na viraka vikabaki vibichi kama vilivyopakwa. Nermin alileta feni, kisha mashine yake ya kukaushia nywele, akaishika mpaka ikanuka waya. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kujua, alichota samli ileile kutoka kopo lilelile akaipaka kwenye sahani kuukuu. Walipomaliza kula maharage ya mchana sahani ilikuwa imekauka kavu. Ukuta ulikuwa bado.

Mambo ya nyumba ya harusi yana utaratibu wake. Upande wa bwana harusi hutoa nyumba iliyopakwa rangi, upande wa bibi harusi huleta vyombo. Vyombo vya Nermin vilikuwa vimejaa kwa mama yake mpaka watu walipita ubavuubavu: friji ndani ya boksi, masufuria, mapazia, seti ya vikombe visivyoruhusiwa kutumika. Uchumba wake na Hazim ulikuwa umedumu kiasi kwamba boksi la friji lilishapauka. Kilichobaki ni rangi tu.

"Nilisema tangu mwanzo, sukari," alisema Hajjat Inshirahi, mama yake Hazim. "Nyumba ya bibi harusi ni sukari. Inafungua kifua."

"Sukari ni nyeupe inayoona haya," alijibu mama yake Nermin. "Samli ndiyo rangi. Mgeni akiingia anajisikia ameshiba."

"Wageni wenu wamezoea kushibishwa na ukuta?"

"Afadhali ukuta, Hajjat, kuliko yule kuku wako wa siku ya posa."

Basi ikapakwa sukari kuta zote nne, haikukauka. Fundi akaikwangua, akapaka samli, nayo haikukauka. Akapaka biskuti. Nzi mmoja alitua juu ya biskuti asubuhi, na jioni Nermin akamtoa kwa koleo la nyusi, mzima lakini amechoka. Jirani wa chini alikuja kuona, akagusa, akapangusa kidole kwenye fremu ya mlango, akasema wengine nyumba zao zina unyevu, hii ina rangi. Akaulizia harusi ni lini.

Siku moja, akisubiri fundi, Nermin alifunga mlango wa jikoni kutoka ndani na nyuma yake akaona kipande cha rangi ya zamani kilichosahaulika kukwanguliwa. Ilikuwa kavu. Haikuwa samli wala biskuti. Ilikuwa kama ndani ya mkate uliomegwa ungali moto. Akaiangalia kwa jicho hili, akaiangalia kwa jicho lile. Akajua kwamba ndiyo hiyo aliyokuwa akiitafuta.

"Hii nani aliichagua?" alimuuliza Hazim.

"Shangazi Bahiya. Aliichanganya mwenyewe, mimi nikiwa mdogo."

"Alikuwa anaishi hapa?"

"Shangazi? Amezaliwa humu. Alimwuguza bibi humu mpaka mwisho. Siku hizi yuko Mahalla, kwa binamu yake." Hazim alisema hivyo akipima mahali pa televisheni kwa shubiri.

Nermin akapanda basi dogo kwenda Mahalla, na pakiti ya kashata za ufuta mkononi, kuulizia rangi. Alimkuta Shangazi Bahiya ameketi ukingoni mwa kitanda katika chumba cha watoto wa binamu yake, amevaa viatu vya kutokea. Kando ya mlango palisimama sanduku lake limefungwa kwa kamba. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, na alifurahi kuona kashata.

"Nyumba ile haipati jua baada ya adhuhuri," alisema, akitafuna upande wenye meno. "Ukitia nyeupe tupu utaishi ndani ya friji, mwanangu. Ukitia njano nayo, unaishi ndani ya yai. Chukua nyeupe, tia samli kidogo, kisha udongo mwekundu, ncha ya kijiko tu. Koroga mpaka usione tena kipi ni kipi."

Nermin alirudia maneno hayo kimoyomoyo ili asiyasahau.

"Haya niambie," shangazi akasema. "Imekauka?"

"Nini, shangazi?"

"Rangi. Kaka yangu Fikri aliniambia, Bahiya, nenda kwa binamu ukae mpaka rangi ikauke, usije ukaugua kifua kwa harufu. Ndiyo maana sikufungua sanduku. Utalifungua ulifunge tena, ya nini?"

Nermin aliliangalia sanduku. Kamba yake ilikuwa na vumbi.

"Bado haijakauka, shangazi."

"Mh. Basi nasubiri."

Jioni hiyo Nermin alimkalisha Hazim juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akamuuliza kama shangazi yake atarudi rangi ikikauka. Hazim alijikuna shingo. Alisema ile ilikuwa namna ya kusema tu, baba hakutaka kumvunja moyo mtu mzima.

"Na fungu lake? Si nyumba ya baba yao wote wawili?"

"Nermin, kwetu dada hamdai kaka yake fungu. Ni aibu."

"Aibu ya nani?"

"Wewe nawe! Tumebakiza rangi tu. Funika kombe mwanaharamu apite."

Hajji Fikri, baba yake Hazim, alikuwa mtu wa swala tano na alizijua aya za mirathi kwa moyo, na sauti ya kuzisomea alikuwa nayo. Nermin alifikiria kumwendea. Kisha akafikiria boksi la friji lililopauka, na roshani ile ya ghorofa ya tatu ambako alishapanga kuotesha mnaanaa. Aliitaka nyumba ile. Aliitaka kwa moyo wake wote, na alijionea haya kwa hilo, na haya hiyo haikuipunguza hamu yake hata kidogo.

Fundi Girgis alichanganya rangi kama alivyoelekezwa: nyeupe, samli, ncha ya udongo mwekundu. Akapaka kuta zote mara moja, mkono wa kwanza, kama mafundi wanavyosema. Wote walikubali ilikuwa nzuri mno. Hata mama wawili walinyamaza kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Haikukauka.

Siku ya kupeleka vyombo haikuweza kuahirishwa tena. Malori yalipiga honi mtaa mzima, wanawake wakapiga vigelegele, friji ikapandishwa ngazi kwa mabega ya wanaume wanne, na kila kitu kikapangwa katikati ya sebule, mbali na kuta. Nermin ndiye aliyemwalika Shangazi Bahiya. Alifika alasiri na sanduku lake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema Hajjat Inshirahi mlangoni, akalipokea lile sanduku na kuliweka nje ya mlango, kwenye ngazi, ili lisizuie njia.

Walimpa kiti katikati ya maboksi na chai yenye mnaanaa. Alipokunywa funda la kwanza, ukuta wa dirishani ulipoteza mng'ao wake. Alipofika nusu ya gilasi, kuta mbili zilikuwa kavu. Mama yake Nermin aligusa, akaangalia ncha za vidole vyake, akapiga kigelegele. Hajjat aliagiza msumari haraka, akatundika picha ya Kaaba na akarudi nyuma kuona kama imenyooka. Shangazi Bahiya alimaliza chai, akainuka polepole, akaenda akaweka kiganja ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Akakigeuza akakiangalia. Kilikuwa safi.

"Imekauka," alisema.

Watu wote sebuleni walisikia. Treni ikapita, vioo vikalia. Hazim alikuwa anasoma maelezo ya friji. Hajji Fikri alisogeza punje kadhaa za tasbihi yake, kisha akasema kwa upole kabisa, upole wa mtu anayempenda dada yake:

"Huo ni mkono wa kwanza tu, Bahiya. Bado wa pili."

Shangazi aliuangalia ukuta. Kisha, mmoja baada ya mwingine, aliwaangalia wote, na mwisho akamwangalia Nermin, aliyekuwa ameshika sinia. Nermin alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, hayakuzidi matatu, na aliyahisi yamekaa juu ya ulimi.

"Nikuongeze chai, shangazi?" alisema.

"Hapana, mwanangu. Nisije nikakosa basi." Akajifunga mtandio wake vizuri. "Ni kweli. Rangi ya mkono mmoja haifuniki."

Wakamfungia sahani ya biskuti za harusi. Hazim alimbebea sanduku mpaka chini, kwa kuwa ni kijana mwenye adabu. Kabla hawajafika mtaani kuta zilikuwa zimeanza kung'aa upya, na picha ya Kaaba ikateremka taratibu na msumari wake mpaka ikakaa sakafuni, wima. Hajjat akaiegemeza kwenye friji.

Harusi ilikuwa nzuri. Watu wanaishi na mambo mazito kuliko rangi mbichi. Kabati na vitanda vilisimama mbali kidogo na kuta, wageni waliambiwa mlangoni wasiegemee, na Hajji Fikri, aliyekuja kila Ijumaa kula, alijifunza kuketi wima kabisa. Mtoto wa kwanza, Adham, alianza kutembea bila kushika chochote, na majirani walimsifu kwa ushujaa. Fundi Girgis alirudi kupaka mkono wa pili. Nao haukukauka, na hakuna aliyetazamia vinginevyo. Mnaanaa ulistawi sana roshanini.

Kila Alhamisi baada ya alasiri simu ya mezani hulia kwenye ukumbi. Nermin ndiye anayepokea, wengine hawaisikii.

"Vipi, mwanangu? Imekauka?"

Nermin huweka kiganja ukutani, kwa kuwa hapendi kumdanganya mtu mzima. Angeweza kukisia, lakini kila mara anakiweka, anasubiri kidogo, kisha anakiondoa na kuangalia.

"Bado, shangazi."

"Msiiharakishe. Rangi yenyewe lakini, ni nzuri?"

"Nzuri sana. Kila anayeingia anaisifu."

"Nilijua," husema Shangazi Bahiya, na kamba ya sanduku husikika ikisuguana kidogo anapolikalia. "Basi nasubiri."

Nermin huweka simu chini, na kupangusa mkono wake kwenye kitambaa kilichotundikwa hapo kwa kazi hiyo.