Rangi ya Kucha kwenye Bolti

Siku hiyo kaka mtu alikuwa na adabu za kuazima. Alimwita mdogo wake "dada yangu mpenzi", akamvutia kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja. Dada mtu, fundi wa kushona siti za magari na pikipiki, alikaa huku machale yakimcheza. Kaka huyu hakuwahi kumfutia hata machozi kwenye msiba wa baba yao.

Walikuwa kwenye banda la marehemu baba, na banda lilikuwa jeupe. Wezi walikata kufuli wakaondoka na pikipiki zote tatu za kale, zile ambazo mzee alizifufua moja moja kutoka kwenye vyuma vya kutupwa. Sakafuni yalibaki madoa ya oili. Mthamini wa bima alikuja kukadiria thamani ya pikipiki hizo, na kwa kuwa kilichoibiwa hakipimwi kwa macho, alitaka picha na watu waliozijua. Ndiyo maana dada aliitwa, kwa sababu siti za ngozi alizishona yeye, baba akiwa hai. Mama naye aliletwa, akawekwa pembeni kwenye kiti cha plastiki.

Dada alieleza ngozi, uzi na springi. Alieleza vizuri, maana ilikuwa kazi ya baba na hakutaka mtu aidharau. Ila shughuli yote hiyo ilimshangaza. Baada ya mazishi, kaka aliwakalisha sebuleni akawaambia kwamba fundi amezifungua injini zote, maji yameingia, ndani ni kutu tupu, kilichobaki ni kuuza kwa kilo. Akajitolea kuubeba mzigo huo yeye, uwe fungu lake la urithi. Dada alichukua cherehani kuukuu, tena alimshukuru kwa moyo mweupe.

"Na injini je?" mthamini aliuliza. "Pikipiki ya kale ikishachokonolewa, bei inaporomoka."

"Hapo sasa ndipo penyewe." Kaka alitoa simu, amejaa furaha. "Hii nilipiga siku chache kabla ya wizi. Vuta karibu. Unaona vidoa vyekundu kwenye bolti? Mzee akishafunga injini, alikuwa anapaka rangi ya kucha ya mama juu ya kila bolti. Mtu akifungua, inapasuka. Haya, nionyeshe iliyopasuka. Hakuna mkono ulioingia humo tangu wa baba."

Mthamini alimpa dada simu ahakikishe.

Rangi ile aliijua. Mama aligombana na mzee miaka nenda rudi kwa ajili ya vichupa vyake. Vidoa vilikuwa vizima, vyote, kwenye injini zote tatu. Hakuna fundi aliyefungua kitu. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Angeweza kusamehe mali. Lakini siku ile alimpikia huyu mtu, akamwombea dua kwa kuihurumia familia.

"Ni kweli, hazijaguswa," alisema. "Andika thamani yote, bwana mthamini. Usipunguze kitu. Baba yangu alifanya kazi."

Kaka alitabasamu hadi jino la mwisho. Alikuwa amesahau. Uongo aliowalisha ulikuwa mwepesi kwake kiasi cha kutoukumbuka, na hilo ndilo lililomchoma dada kuliko yote.

"Andika na hili," dada akaendelea. "Zimeibiwa mara mbili. Hao waliokata kufuli watafuteni. Wa kwanza ni huyu hapa. Alituambia injini zimeoza ili azichukue peke yake."

"Dada, mbele ya mgeni?"

"Ulitaka nisubiri mpaka ulipwe?"

Mthamini aliweka kalamu chini. Alisema kwa upole kwamba penye mgogoro wa urithi, bima haimlipi mtu mpaka familia ielewane. Kaka alimtazama dada, akamtazama mthamini, kisha akageukia pale alipozoea kukimbilia tangu utoto.

"Mama, si umwambie basi. Mwambie amekosea."

Mama alikuwa ameinamia vidole vyake.

"Nimwambie nini, mwanangu? Siku ile uliniapia kwa kaburi la baba yako, na udongo wake ulikuwa bado mbichi."