Foleni ya Treni ya Maboga

...na mkia umekatika sasa, alijua tu utakatika, mkia wa vazi la kuku ulioshikizwa kwa mishono ya haraka haraka asubuhi usingeburutwa kwenye lami mchana kutwa ukabaki salama, na mjukuu wake Marnie anauliza kama kuku asiye na mkia bado ni kuku, ndiyo mama, bado ni kuku, simama vizuri, usikae hapo chini pana soda imemwagika, na kipaza sauti kinakoroma juu ya vichwa vyao, wageni wetu wapendwa, tunaomba mtuvumilie, kuna mtoto ametapika kwenye behewa la... la mbele au la nyuma Bernadine hakusikia, alichosikia ni kwamba treni ya maboga imesimama na foleni haitasogea, na miguu yake ikazipokea habari hizo vibaya, nyayo zinawaka moto, goti la kulia linauma tangu kwenye farasi wa mbao, wenziwe wote wa rika lake kule kanisani saa hizi wamekaa vibarazani na blanketi mapajani, wanakunywa kahawa na kulalamikia majani ya miti yaliyojaa uani, yeye yuko hapa katikati ya watu waliojivika pembe na mabawa ya Halowini, sikukuu ya kutishana, mkia wa kuku mkono mmoja, kofia ya zimamoto mkono wa pili, maana Colton amesema inamwasha, mtu mwenye bahati yake analea mara moja, anamaliza, anapumzika, yeye amerudishwa darasani kama mwanafunzi aliyefeli. “Bibi, jua likizama ndio wanatoka?” anauliza Colton, ana miaka sita lakini wasiwasi wake ni wa mzee mwenye nyumba na madeni, “Ndio wanatoka, ila wewe hawakugusi, si una mkufu?” na Colton anaushika mkufu wake wa plastiki unaowaka kijani, anairudia kwa kunong'ona sheria aliyoambiwa na rafiki yake wa shule na msichana wa langoni akaithibitisha, ukivaa huu zimwi hakusogelei, akiuona tu anarudi nyuma, ni lazima arudi, akikaidi anafukuzwa kazi. Alilia pale langoni mpaka akapewa, na Marnie naye akautaka kwa sababu Colton anao, si kwa sababu anaogopa, Marnie haogopi kitu, na Bernadine akawavisha wote wawili bila kufikiri... hapana, usijidanganye, mkono ulipofika shingoni kwa Marnie ulisita kidogo, alifikiri, akamvisha, huku akijua kitu ambacho watoto hawakijui, kwamba mmojawapo wa mazimwi hao ni mama yao.

Kirsten, binti yake wa pekee, alipiga simu kutoka kwenye ile nyumba ya kina mama wanaoacha dawa za kulevya, na sauti yake ilikuwa imenyooka, jambo ambalo Bernadine hajalizoea bado, alizoea ile sauti ya kuburuta, ya mtu anayeongea huku anazama, “Mama, nimepata kazi ya msimu pale bustani ya michezo. Mimi ni zimwi.” “Nini?” “Zimwi la Halowini. Mchimba makaa ya mawe aliyefia shimoni, taa kichwani, beleshi mkononi, uso mzima kinyago. Usicheke.” “Sicheki.” “Unacheka.” Alikuwa anacheka kweli, kidogo, kwa sababu babu yake Kirsten alichimba makaa ya kweli katika vilima hivi hivi, akakohoa weusi kwenye leso mpaka wakamzika, na sasa watu wanapanga foleni kutishwa naye, kisha kicheko kikamkauka maana Kirsten alisema, “Walete, Mama. Sitasema neno, sitawagusa, kinyago sivui. Nataka kuwaona tu wamekuaje,” halafu akaleta lile jambo lenyewe, “Na Jumapili... nije nile nanyi? Hata saa moja. Nioshe vyombo niondoke.” Bernadine akamwambia tutaona, na tutaona ya Bernadine, tangu Kirsten mwenyewe akiwa mtoto wa kuomba mbwa na baiskeli, haijawahi kugeuka ndiyo. Yeye si mjinga, Jumapili moja itazaa Jumapili nyingine, zitafuata Jumamosi za kulala, kisha hakimu atatazama aone mama amesimama kwa miguu yake, ana kazi, ana chumba, atasema vizuri, watoto na warudi kwa mama yao, na kule chumba cha nyuma vitabaki vitanda viwili vimetandikwa vizuri, havijaloweshwa na mtu, na Bernadine atakaa kibarazani na kahawa yake na blanketi lake kama wenziwe, Mungu wangu, si ndicho anachokililia hapa na hili goti lake, mbona basi akikiwaza anawahesabu watoto, mmoja, wawili...

“Wote wawili wako?” mwanamke wa nyuma yake anamsemesha, amembeba kitoto kilichovalishwa kama boga, kimelala mdomo wazi, “Wajukuu,” “Wacha wee! Huna uso wa bibi,” “Ngoja nivue viatu utauona,” mwanamke anacheka, anasema yeye huyu mmoja tu keshammaliza, na Bernadine anaitikia kwa kichwa, anajua atakachoulizwa baadaye, watu wa foleni huuliza, na mama yao yuko wapi, kwa hiyo anageuka, anajifanya anamfuta Colton sukari ya keki mdomoni, mdomo ambao hauna sukari tena. Mama yao yuko wapi. Pasaka mama yao alisema anakuja, Colton alikaa dirishani amevaa koti lake, hakutaka kulivua, Mama akifika tutatoka, Bibi, sitaki achelewe kwa ajili yangu, akalala hapo hapo shavu limebanwa na kioo, na Bernadine alipombeba kumpeleka kitandani alimwapiza binti yake kwa maneno ambayo padri wake hayajui. Na miaka kabla ya Pasaka hiyo, kile kiangazi cha kituo cha mafuta, Kirsten amejifungia chooni na vidonge vyake, Marnie mchanga kwenye gari, vioo vimepandishwa, jua la Julai, mwanamume mmoja asiyemjua akavunja kioo kwa spana, na alipofika Bernadine mtoto alikuwa mikononi mwa mwanamume huyo, mwekundu, amelowa, halii tena, hiyo ndiyo iliyomtisha, kwamba halii... leo anapanda juu ya vizuizi vya foleni na manyoya ya kuku yanapukutika, “Marnie, shuka,” “Mimi kuku, kuku hupanda,” “Kuku wangu hashindani na mimi, shuka,” anashuka.

Mwanga umeondoka kwenye mbao za juu za ile treni kubwa ya kupanda na kushuka, umeondoka hivi hivi bila kuaga, baridi ya mtoni imeingia ndani ya sweta, na mashine zimeanza kupuliza ukungu chini ya miti, ukungu una harufu ya sukari iliyoungua, na vijana wakubwa kule mbele wanaanza kupiga mayowe hata kabla hawajaona kitu, “Bibi,” anasema Colton, “Nipo,” “Mkufu unawaka?” “Unawaka, kijani kabisa, mpaka jimbo la Ohio wanakuona,” na Bernadine anawaza, ningeweza kuwafunga zipu za makoti juu ya hii mikufu, dakika moja tu, isionekane, Kirsten angekuja karibu, angewaona vizuri, Colton angelia kidogo, angenyamaza, hakuna mtoto aliyekufa kwa kulia kidogo, zipu ziko hapa, vidole viko hapa, na vidole haviendi. Kwa nini haviendi. Kwa ajili ya Colton, anajiambia, Colton anaogopa, na uongo huo hata yeye mwenyewe umemchosha, amechoka kubeba watoto na mikoba, na uongo juu yake hauwezi, basi na auseme, moyoni ndani nani atamsikia, hakuwaleta ili Kirsten awaone, aliwaleta ili Kirsten ashindwe. Anamjua. Kirsten hajawahi kushika sharti hata moja tangu azaliwe, ukimwambia usiguse anagusa, ukimwambia rudi mapema anarudi na jua, akiwaona wanawe hivi, mkono kwa mkono, atavua kinyago, atawarukia, atalia, atawatisha mpaka usiku wa manane, watu wote wataona, na Bernadine hatalazimika kusema hapana, hapana itakuwa imejisema yenyewe, hana haja ya kuwa mama mbaya, anachotakiwa ni kusimama kwenye foleni tu na kungoja. Na mikufu ilikuwa ni nyongeza, sheria moja zaidi ya kuvunjwa. Mungu amsamehe. Au asimsamehe, lakini amwachie watoto.

Beleshi lilitangulia kusikika, chuma kinaburutwa juu ya lami, krrrr, kinanyamaza, krrrr, na watu wanapasuka kando kwa kelele, wamo wachimba makaa kama watatu kwenye ukungu, weusi, wameinama, taa zimewaka vichwani, lakini Bernadine hakuhitaji kuambiwa yupi, ule mguu wa kushoto unaotazama ndani kidogo, tangu Kirsten alipoamua kuruka kutoka paa la banda akiwa na mwavuli, akavunjika, akavikwa plasta, na bado aliporudi kutoka hospitali aliuliza mwavuli wake uko wapi, mwendo ule hata akivikwa gunia ataujua, na moyo wa Bernadine ukaanza kugonga mbavu kama mtu anayetaka kufunguliwa. Mchimba makaa akamrukia kijana mmoja aliyejifanya hodari, kijana akamwagika na soda yake, wenzake wakamcheka, vizuri, anaiweza kazi, Bernadine akajikuta anaona fahari, ya nini sasa, na hapo taa ikageuka, ikawapiga usoni. Ikasimama. Colton amejificha nyuma ya sweta la Bibi, amelikamata kwa ngumi mbili, “Bibi, muoneshe mkufu, muoneshe,” na Marnie yuko wazi kabisa penye kamba ya foleni, kuku asiye na mkia, anaitazama ile taa, na mchimba makaa hakusogea. Umbali wa kutosha gari kupita katikati. Njoo, Bernadine anasema kimoyomoyo, njoo basi, vua, vunja, fanya ulivyozoea, na hapo hapo ndani yake kuna mtu mwingine anasema usije, mwanangu, usije, shikilia hapo hapo, na wote wawili ni yeye, na wote wawili wanaomba kwa bidii ile ile.

“Wewe mchafu,” Marnie akamwambia zimwi kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, “unatakiwa uoge,” watu wakacheka, mwanamke wa nyuma akasema, “Kampatia!”, na mabega ya mchimba makaa yakatikisika, cheko au kilio, kwa kinyago kile hujui, akainua mkono, mkono ukaenda kichwani, sasa, sasa anavua... akaizima taa. Basi. Aliizima taa isimuumize mtoto macho, mkono ukarudi kwenye mpini. Marnie akachimba mfukoni, akatoa pipi aliyokwisha kuilamba na kuikinai, akamnyooshea kupitia juu ya kamba, “Chukua,” na mchimba makaa akaushika mpini kwa mikono miwili, glavu zikakunjamana, akaushika namna mtu anavyoshika kitu ili asianguke, na hakuchukua, akarudi nyuma hatua, akainama kwa adabu kama walivyofundishwa wote, akarudi nyuma tena, akageuka, krrrr, mguu wa kushoto ukitazama ndani, akaingia ukunguni, na huko mayowe yakaanza upya, ya watu wengine.

Amefanya alichosema atafanya. Bernadine anakipitia tena kama mtu anayepapasa mfuko aliojua una kitu, hakusema neno, hakugusa, hakuvua, yote matatu, mbele ya pipi, mbele ya mtoto wake mwenyewe amenyoosha mkono, angeshindwa hata yeye Bernadine, yeye mwenye kanisa lake na adabu zake angeirukia ile kamba. Na sasa hana kitu cha kushika. Ile hapana aliyokuja kuiokota haipo, imeondoka na yule binti, na Bernadine anamfurahia mwanawe mpaka machozi yanamchoma, na anaogopa kwa kiasi kile kile, na hajui kipi kilianza, amechoka, amechoka kulinda mlango ambao anayegonga kwa nje ni mtoto wake. Kipaza sauti kinasema wageni wapendwa, dakika chache tu, behewa linaoshwa, na Colton anatoa kichwa, anauliza kama ameenda, ameenda, umeona, alitii, na Marnie bado ameshika pipi yake hewani, uso umemshuka, “Hakuichukua pipi yangu,” “Hakuruhusiwa, mama,” “Nani kamkataza?” na Bernadine alikuwa na jibu, lilikuwa pale pale shingoni kwa mtoto linawaka kijani, kazi, sheria, mkufu, akafungua mdomo alitoe, likatoka lingine.

“Mimi,” akasema.

“Mbaya wewe,” akasema Marnie, bila hasira, akaila pipi mwenyewe, na foleni haijasogea hata hatua, na goti linauma vile vile, na Bernadine amesimama na mkia wa kuku mkononi, anawaza Jumapili apike nini, maana Kirsten kabichi hali.