Miyenzi ya Ntagwabira

Mimi sipendi kelele za asubuhi, na jirani yangu Georgette analijua hilo vizuri. Lakini siku ile alipiga yowe kutoka kijitoni mpaka mlangoni kwangu.

"Mama Émilienne! Samaki banakufa! Yote iko inaelea tumbo juu!"

Niliacha sufuria motoni nikakimbia. Mtu asidhani ni ulafi. Kijito chetu cha Kabumbe, hapa chini ya Lubondja, tulikuwa tumekiua sisi wenyewe kidogo kidogo. Tulilima mihogo mpaka ukingoni, udongo ukaporomoka. Kila kiangazi tulitwanga buba, majani yale ya kulewesha samaki, tukazoa wakubwa kwa wadogo. Ng'ombe wa milimani nao wakishuka kunywa, wanamalizia kingo kwa kwato. Mwisho tukawa tunachota matope. Ndipo kijiji kizima kikakaa na kuapa: mashamba yarudi nyuma, kingo zipandwe matete, na atakayetia sumu majini, yeye na wanyama wake hawatakanyaga Kabumbe tena. Mvua zikapita, maji yakatakata, samaki wakarudi. Nilikuwa nakwenda kuwatazama tu, mikono mitupu, na moyo unafurahi.

Sasa walikuwa wameelea, kambale na vidagaa, weupe juu ya maji. Na kando yao alisimama Ntagwabira, mfugaji wa milimani, na furushi la matawi ya miyenzi, mti ule wa ua wenye utomvu mweupe. Yeye mwenyewe ndiye aliyejitolea kuuleta, ili tuzungushie kingo ua na ng'ombe wake wanywe mahali pamoja tu. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Asubuhi ile sikuona aliyepona.

Georgette alimshika shati. "Weye! Unatutilia sumu, na juzi tu ulikula ugali kwangu!"

"Mama, sumu gani?" Ntagwabira aliuliza. "Mi nilisafisha hii miti ku mayi, maziwa yake itoke. Ikiingia ku macho, inapofusha. Nilisema bamama na batoto bakuje kupanda bila kuumia."

"Na samaki?"

"Kwetu kule juu mayi iko baridi, samaki haiko. Mi sikujua kama inabaua."

Nilikuwa nimechemka, nakiri, na nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Lakini nilitazama huku na huku, sikuona kikapu cha kuzolea samaki. Tena mtu huyu, kila nilipokaanga samaki, alihamia upande wa pili wa ua akiziba pua.

"Kapita," nilimwambia Raphaël, mkuu wa kijiji, aliyekuwa amefika akihema, "muntu gani anaua samaki yenye hakuli? Huyu alikuwa anachunga macho yetu."

Raphaël alijikuna kidevu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa unamtesa. "Mama Émilienne, mi namuamini. Lakini tukimusamehe huyu, kesho mwenye kutwanga buba naye atasema hakujua. Sheria tuliweka sisi wote."

Ng'ombe walikuwa mlimani, wanalia kiu. Maji mengine yalikuwa mbali, na kwa kiangazi kile ndama wasingefika. Ntagwabira alijua hivyo kuliko sisi sote. Alitazama juu walikosimama, kisha akainamisha kichwa.

"Kama iko sheria, nitabageuza ng'ombe," alisema. Hakubembeleza. Akaokota fimbo yake, akaanza kupanda mlima.

Nilimwonea huruma. Kupoteza ndama kwa sababu ya kuogopa macho ya watoto wetu yasiumie!

Georgette alinipita. Alikwenda juu zaidi ya pale palipooshewa miyenzi, maji yalikokuwa safi, akajaza mtungi, akajitwika. Kisha akaanza kupanda nyuma ya yule mtu aliyetoka kumshika shati.

"Mama Georgette, unaenda wapi?" Raphaël aliuliza.

"Ng'ombe habatakanyaga mutoni, kapita. Mi nitakanyaga."

Raphaël alicheka kwa sauti, kama aliyetuliwa mzigo. Basi tukafuata wote, mitungi kichwani, na mlima ule si wa mchezo. Wanaume walibeba gogo lililochongwa ndani, la kulowekea ndizi za pombe, wakaliweka juu mbali na ukingo. Tulimimina, ndama wakanywa, tukashuka tena. Mpaka leo ng'ombe wa Ntagwabira wananywea pale, kwa mfereji tuliouchimba pamoja baadaye kutoka kijito kinakoanzia huko juu, na kingo za Kabumbe hazijaona kwato tena.

Jioni tulipika samaki walioelea, maana samaki aliyelewa utomvu huliwa akioshwa na kuiva vizuri. Ntagwabira alikuja akaketi kati yetu.

"Munipe moja," alisema.

Tulidhani anatania. Alifumba macho, akatafuna polepole, akatema mwiba, akatafuna tena. Kisha akafumbua macho na kututazama.

"Sasa najua niliua nini," alisema.

Georgette alimchagulia kambale mnono kuliko wote, akamwekea sahanini.