Sikio la Ng'ombe Kwenye Picha

Haya nimeyapata kwa Leah, jirani yake Martina, mwaka huu tulipokuwa tunapura alizeti Unyambwa. Leah mwenyewe alikuwepo.

Martina alipomwona mgeni mwenye begi akiulizia nyumba ya marehemu Abraham, aliona posa inaharibika. Jumamosi watu wa Mgori walikuwa waje kumposa mjukuu wake Aneth, na babu wa kijana, mzee Samweli, alikuwa bado ametunza kipande cha gazeti la zamani: Abraham, baba yake Martina, katikati ya askari wawili, kashika ng'ombe. Maneno ya chini yalishachanwa zamani kufungia tumbaku. Basi Mgori nzima iliisoma picha kwa macho tu, ikasema mwizi kakamatwa. Abraham alijitetea mpaka akachoka. Walimjibu, "Gazeti halimpigi mtu picha bure."

"Shikamoo bibi. Naitwa Stanley. Nakusanya picha za magazeti, za kesi za zamani."

"Marahaba. Umetumwa na Samweli?"

"Samweli simjui."

"Wote husema hivyo."

Kigoda alimpa, maji hakumpa. Stanley akatoa picha kubwa kama sahani, akaigeuza. Nyuma palibandikwa karatasi ya taipu. Leah akasoma: "Abraham, mwenye mali, akiwaonyesha askari alama ya ng'ombe wake aliyeibwa."

Leah akaanza kucheka kwa furaha. Martina akamkata.

"Karatasi na gundi hata dukani zipo. Mtu akitaka kuniuzia baba yangu ataandika ninachopenda kusikia."

"Siuzi, bibi."

"Hapo ndipo unapozidi kunitia wasiwasi."

Akaisogeza picha kwenye mwanga. Kwenye gazeti wino ulikuwa umetapakaa, kichwa cha ng'ombe kikawa doa jeusi. Hapa vidole vya baba vilikuwa vimelivuta sikio: mikato miwili chini, tundu moja juu. Martina akainuka. Akaenda nayo zizini, akamshika sikio mtamba wake, akalinganisha: alama ileile. Kila nyumba ina mkato wake, na huu aliukata mwenyewe mwaka jana, kwa kisu alichoachiwa na baba.

Akarudi. "Mtu hajiibii. Leah, mpe mgeni maji."

Samweli aliitwa kesho yake asubuhi. Akavaa miwani, akalitazama lile sikio kama mfugaji anavyolitazama.

"Tuliangalia sura," akasema. "Sikio hatukuliona."

Akatoa kile kipande mfukoni, akamkabidhi Martina. "Sasa Jumamosi tuje?"

"Njooni. Ila wewe anzia leo, pale nyuma ya nyumba. Kamwambie mwenyewe."

Samweli akavua kofia, akasimama kaburini kwa Abraham mpaka jua likamchoma, ndipo akashika njia ya Mgori.

Ilipofika jioni Stanley, aliyekuwa bado hapo tangu jana, alitaka picha yake akatoe nakala. "Utapewa," Martina akamwambia, akaisukumia chini ya godoro akajilaza juu yake. Stanley akangoja kwenye benchi mpaka usingizi ukamchukua. Martina akamchungulia, akahakikisha kweli anakoroma, ndipo na yeye akafumba macho, akalala.